Barua kwa mwanangu: Kilwa panga maji kwanza, kitanda baadaye

Mwanangu Somoe,

Assalamu alaikum. Sisi hapa Lindi ni wazima, mama yako anakusalimu na anawaulizia wajukuu zake kila siku. Ujumbe wako nimeupata. Umesema wewe na mkwe wangu mmejibana muda mrefu, sasa mnataka mapumziko ya hali ya juu, wawili peke yenu, watoto wabaki kwa shangazi yao. Na badala ya kwenda Unguja kama wenzenu, mnafikiria pwani ya kaskazini ya mkoa wetu, kule Kilwa kwenye miamba na visiwa. Ukaniuliza: "Baba, tufikie hoteli gani, na Julai panafaa?"

Hoteli nitaigusia. Lakini baba yako ni nahodha, na nahodha huanza na maji. Pwani ile ina miamba, mikoko na mikondo. Mwenye pesa na asiye nazo wote hungoja maji yajae ndipo chombo kipite. Starehe yenyewe ni kutongoja, na hiyo hupangwa nyumbani, kabla hujamlipa mtu.

Julai acheni. Kusi, ule upepo wa kusini, inakuwa kali, boti inapigwa mawimbi, mnafika kisiwani mmelowa na mkwe wangu kichwa kinamzunguka. Masika nayo msiisogelee. Mei 2024 kilipokuja kimbunga Hidaya, mvua ziliikata barabara ya Dar es Salaam maeneo ya Somanga, watu wakakwama na mizigo yao. Njooni Oktoba. Kusi imechoka, kaskazi, upepo wa kaskazini, haijaingia, ndiyo maleleji hayo. Bahari inatulia na mvua za huku kwetu bado.

Halafu tazameni mwezi. Hili watu wa mjini hawaambiwi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, kule maji hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne asubuhi, saa ileile wageni wanapofika. Kwenye kisiwa cha Songo Mnara, chenye magofu ya mji wa kale, maji yakipwa boti inabaki mbali, mnateremka na kukanyaga tope katikati ya mikoko, viatu mkononi. Chagueni siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu. Hapo saa nne asubuhi ndipo maji yanapojaa, boti inasogea karibu, mnatembea magofuni kwa nafasi na kutoka chombo kikiwa bado kinaelea. Ni safari ya zaidi ya saa moja kwa boti ya mashine kutoka Kilwa Masoko, mji wa bara mtakakofikia, kwa hiyo ondokeni mapema.

Siku ya Kilwa Kisiwani ipeni nafasi yake peke yake. Kuvuka ni kufupi, wengi huenda na kurudi kabla ya adhuhuri, na mimi huwa naumia nikiwaona. Wanaangalia Msikiti Mkuu na Gereza, yaani ngome ya zamani, wanapiga picha, basi. Nyinyi nendeni mpaka Husuni Kubwa. Ni mwendo kidogo na jua ni kali, bebeni maji ya kutosha. Ile ni nyumba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, karne ya 14, imejengwa ukingoni mwa jabali juu ya bahari, yenye vyumba zaidi ya mia moja. Ndiye aliyekuwa akitawala wakati Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331. Ndani kuna birika la kuogea la pembe nane, la mawe ya matumbawe na chokaa. Usilitazame kwa mbali, mwanangu. Inama uone kingo zilivyochongwa, upitishe kiganja uone zilivyolainishwa. Wewe unayeniuliza kama huku kwetu kuna ufahari, kaa pale ukingoni na mumeo, mtazame bahari aliyokuwa akiitazama Sultani. UNESCO waliyaandika magofu hayo na yale ya Songo Mnara kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981; sisi tulipaswa kuwa wa kwanza kuyajaza, na nimefurahi sana kwamba damu yangu inakwenda.

Kibali cha kuvuka huchukuliwa Kilwa Masoko, na mwongoza wageni wa kisiwani mlipeni vizuri. Anajua mambo ambayo hayamo kwenye kibao chochote.

Pesa zenu kubwa ziweke kwenye chombo. Kodini boti yenu wenyewe, kwa kutwa, msichanganywe na kundi. Kabla ya kupanda, mwombe nahodha afunue ubao mtazame ngamani, kule chini ya boti maji yanakokusanyika: maji kidogo ni kawaida, yakiwa mengi na ndoo ya kukumbia iko karibu, tafuteni boti nyingine. Jaketi za kuokolea zihesabiwe, na mafuta yawe ya kwenda na kurudi na akiba juu yake. Nahodha akikwambia "leo tusiende," msibishane naye wala msimwongezee hela.

Hoteli sasa. Ufukwe wa Jimbizi, palepale Kilwa Masoko, ndiko zilipo zile za kuangalia bahari. Ni ndogo ukilinganisha na za Unguja, na kwenu wawili hilo ni jema. Uliza mambo mawili tu: jenereta kama inafanya kazi usiku kucha, na kama mpishi anaweza kuagiziwa tangu asubuhi. Mwambieni awatafutie kaa wa mikoko na pweza wa nazi. Samaki wa kule akipatikana asubuhi anafika mezani jioni hajaona barafu.

Ndege ndogo za kukodi hutua Masoko, kama mnataka kuruka barabara. Mimi ningekuja kwa gari, nivuke Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, nishuke polepole. Kilwa Kivinje pitieni, ila mjue mnaingia mji ulioona watumwa wengi wakipakiwa. Nendeni kwa adabu.

Tarehe msizifunge bado. Nitumie zile ambazo mkwe wangu ana ruhusa kazini, nizipime na mwezi, kisha nimpigie nahodha ninayemwamini pale Masoko. Na muulize mumeo kama bahari humsumbua. Nataka jibu la kweli, nijue niwatafutie boti ya ukubwa gani.

Baba yako.