Maswali ya wasomaji: Mizimu kwenye picha za mwali

SWALI: Kaka habari za kazi. Nipo Chikongola hapa Mtwara. Nimenunua kamera ya digitali ya mtumba, ile ndogo ya mfukoni ukiwasha lenzi inachomoza mbele, elfu thelathini na tano, megapikseli 7, inakula betri mbili za AA. Juzi tumemtoa mwali, mtoto wa dada yangu, usiku sindimba imekolea nikapiga picha kama arobaini hivi, kuja kuangalia nyumbani giza tupu na madoa meupe ya duara yanaelea, bibi yetu anasema ni mizimu imekuja kumpokea mjukuu. Alafu betri nimenunua mara tatu usiku uleule, na memori kadi yangu ya GB 16 imekataliwa kabisa nikaazima ya mtu ya GB 2 ndo ikakubali. Nimeuziwa kimeo? Nirudishe?

JIBU: Mama mdogo wa mwali, kwanza hongereni. Kamera usirudishe, nzima hiyo. Na bibi mwambie kwa adabu, akiwa ameshakunywa chai, kwamba mizimu ile ni vumbi. Kwenye hizi kamera ndogo flashi na lenzi vimekaa pua na mdomo, ukifyatua ule mwanga unapiga vumbi lililo hewani hapohapo mbele ya kioo, na kwa vile liko karibu mno lenzi haiwezi kulionyesha kwa ukali, linatawanyika linakuwa duara jeupe. Sindimba kwenye uwanja wa mchanga, vumbi lake unalijua mwenyewe.

Giza sasa. Flashi ya kamera hii inafika mita 3 hivi, ikijitahidi 4, na mimi naweka dau ulikuwa umesimama nyuma kwa wapiga ngoma ukavuta zumu mpaka mwisho. Hapo ndo ulipojimaliza, mana kamera nyingi za aina hii ukivuta zumu yote tundu la lenzi linabana, kutoka f/2.8 linaenda f/5 na ushee (namba ikipanda ujue tundu limepungua), mwanga unaoingia unabaki kama robo tu, kwaiyo flashi yako ya mita 3 imekuwa ya mita moja na nusu, ilimulika mgongo wa aliyekaa mbele yako ikaishia hapo. Siku nyingine rudisha zumu yote, ingia kwenye duara na wenzio, cheza huku unapiga. Kitufe bonyeza nusu kwanza, subiri taa ndogo ya kijani iwake, ndo umalizie. Na picha zile za kuweka ukutani piga mchana mwali akiwa kivulini na khanga zake mpya, megapikseli 7 studio wanakutolea mpaka karatasi ya A4 na inapendeza tu. Ya ndani ya unyago yaache ndani, hilo sio la mimi kukwambia.

Betri ulizonunua ni za redio na saa ya ukutani. Sio mbovu, ila haziwezi kutoa umeme mwingi kwa mpigo, na flashi na ile mota ya lenzi ndo vinavyotaka. Usizitupe, chukua hizo hizo "zilizokufa" weka kwenye rimoti ya tivii uone zitakavyofanya kazi miezi. Tafuta za kuchaji zilizoandikwa NiMH, nunua nne na chaja yake, zimeandikwa volti 1.2 badala ya 1.5 wala usiogope.

Kadi nayo haina kosa. Kadi za kuanzia GB 4 mpaka 32 ni za aina nyingine inayoitwa SDHC, zimekuja 2006, kamera ya kabla ya hapo haizijui hata ukizisugua. Baki na GB 2, zinaingia picha mia sita na zaidi, utacheza ngoma ngapi usiku mmoja?

SWALI: Niko Lindi mjini. Kamera yangu ukiwasha lenzi inatoka nusu, inalia krr krr, inarudi, inazima. Tulikuwa ufukweni Jumapili.

JIBU: Mchanga, mdogo wangu. Punje moja tu imeingia pale lenzi inapoteleza. Izime, igeuze lenzi iangalie chini, igongegonge taratibu kwenye kiganja, pembeni ya lenzi pitisha brashi laini kavu, usipulize kwa mdomo utatia mate, na lenzi usiivute kwa nguvu utavunja gia. Ikigoma, kuipeleka kwa fundi fikiria mara mbili, bei ya kufungua inaweza kuzidi ya kununua nyingine. Ufukweni iwe kwenye mfuko wa nailoni, sio mfuko wa kaptula. Mimi yangu niliiua hivyohivyo ufukweni Msimbati, sasa hivi mtoto anaichezea, anajifanya anapigia nayo simu bibi yake.