Matatu Ukutani: Ushauri kwa Anayeanza Kukusanya Chapa za Mbao za Nairobi

Chapa ya kwanza niliyoinunua haikuwa chapa. Niliipata miaka kadhaa iliyopita katika duka moja la mapambo jijini Nairobi, nayo ilikuwa picha ya kupendeza ya matatu, yaani basi dogo la abiria la Kenya, iliyosimama kwenye mvua, makanga (kondakta wake) akining'inia mlangoni, na saini ya mchoraji chini upande wa kulia kama inavyotakiwa. Ilikaa sebuleni mwangu karibu mwaka mzima, hadi siku nilipotembelewa na mwalimu wa sanaa aliyestaafu, ambaye aliitazama kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akaomba ruhusa ya kuifungua fremu. Aliigeuza karatasi, akapapasa mgongo wake kwa ncha ya kidole, akaniuliza, "Hii ilikandamizwa wapi?" Sikulielewa swali lake. Tulipoitazama ile saini kwa lenzi ya kukuzia ndipo tulipoona kwamba nayo imeundwa kwa vidoadoa vya wino, sawasawa na picha yenyewe, kwa kuwa vyote viwili vilitoka kwenye mashine ya kompyuta kwa mkupuo mmoja.

Sikuwa nimeibiwa, kwa maana muuzaji aliniambia kwamba ni chapa na mimi sikumwuliza ni chapa ya namna gani. Neno lenyewe ndilo linalotuponza, kwa sababu gazeti huchapwa, leso huchapwa, na kalenda ya benki vilevile huchapwa. Katika sanaa, hata hivyo, chapa ya mbao ni kitu kingine kabisa. Msanii huchukua ubao, akachora juu yake kwa penseli, kisha akachonga kwa patasi ndogo sehemu zote ambazo hataki zishike wino. Hupitisha rola yenye wino juu ya ubao huo, akalaza karatasi, akaikandamiza kwa mashine au kwa kuisugua mgongoni hata kwa kijiko cha mbao, halafu akaibandua taratibu. Hakuna mchoro mwingine mahali fulani ambao karatasi hiyo ni picha yake iliyopigwa. Kila karatasi iliyobanduliwa ubaoni ndiyo kazi yenyewe ya msanii. Kwa kuwa zinatoka kadhaa, bei ya moja huwa chini sana kuliko ya mchoro wa rangi kwenye turubai, na ndiyo sababu mtu wa mshahara wa kawaida kama mimi anaweza kuthubutu kukusanya.

Aliyenifanya nipende chapa za jiji ni Dennis Muraguri, mchoraji na mchongaji aliyezaliwa Naivasha, akasomea sanaa Buruburu, kisha akafanya kazi kwa miaka mingi katika studio za Kuona Trust, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1995 na ambayo iliwalea wasanii wengi wa Nairobi. Muraguri amezifanya matatu kuwa somo lake kama vile wengine wanavyoufanya mlima au bahari. Katika chapa zake, gari hujaza karatasi pembe hadi pembe kwa rangi zinazopiga kelele, na abiria, makanga na maandishi ya ubavuni hubanana kama tunavyobanana sisi wenyewe saa kumi na mbili jioni. Niliposimama mbele ya mojawapo kwa mara ya kwanza, nilijikuta nikirudi nyuma hatua moja, kama mtu anayejihadhari asikanyagwe vidole.

Watu huniuliza kwa nini nitundike ukutani kitu ambacho naweza kukiona barabarani bure. Jibu langu ni kwamba barabarani hakikai. Matatu hupakwa rangi upya kila mtindo unapobadilika, na historia yake yenyewe ni ya kufutwa na kuandikwa tena. Jina lake lilitokana na nauli ya senti thelathini, yaani mapeni matatu ya senti kumi kumi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu. Na mwaka 2004 kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zikaja na mstari wa manjano ubavuni, mikanda ya usalama, na mwisho wa michoro iliyokuwa fahari ya vijana wa mtaani. Muongo mmoja baadaye michoro iliruhusiwa kurudi. Mtu aliyekuwa na chapa mbili tu, ya gari lenye mstari mtupu na ya gari lililojaa michoro, ana sura ya jiji ambayo kamera za simu zetu ziliipita bila kuijali.

Sasa nije kwenye kutazama, maana huku ndiko ninakoshauri mtu atumie muda mwingi kabla hajatoa hata shilingi. Anza na maandishi. Chochote kilichochongwa ubaoni hutoka kinyume karatasini, kama uso kwenye kioo, na kwa hiyo msanii anayetaka jina la gari lisomeke sawasawa analazimika kulichonga likiwa limegeuzwa, herufi moja moja, kutoka kulia kwenda kushoto. Mtu anayechora mti au kilima hana shida hii kubwa, kwa kuwa kilima kilichogeuka bado ni kilima. Lakini matatu ni kitabu kinachotembea: kuna jina la gari, namba ya njia, methali ya nyuma, jina la mchezaji wa mpira, na onyo kwa abiria asiye na nauli. Ukifikiria kwamba kila herufi ya 58 Buruburu ilikatwa kinyume na mtu aliyekuwa akijua kwamba patasi ikiteleza hakuna kifutio, utaitazama picha kwa heshima nyingine. Mimi huzitafuta herufi za S, N na Z, kwa sababu ndizo humponyoka mchongaji asiye makini, na nakiri kwamba mojawapo ya chapa ninazozipenda zaidi ina N iliyogeuka, kosa ambalo msanii aliamua kuliacha.

Baada ya maandishi, tazama rangi. Kuna wasanii wanaotumia ubao tofauti kwa kila rangi, na kuna wanaotumia ubao mmoja tu ambao huchongwa zaidi baada ya kila rangi, hivi kwamba rangi ya mwisho inapochapwa ubao umekwisha kuliwa na haiwezekani tena kurudia ya kwanza. Katika njia hii ya pili idadi ya karatasi lazima iamuliwe mwanzoni, na karatasi yoyote itakayoharibika njiani inapunguza jumla. Mahali rangi mbili zinapokutana mara nyingi utaona ama mstari mwembamba mweupe ama sehemu ndogo zilizopandana. Usilione hilo kuwa dosari. Ndilo alama ya mkono. Kisha omba kuiona karatasi nje ya fremu, uiinamishe kidogo kwenye mwanga, uone jinsi wino ulivyokaa juu juu na jinsi mgongo unavyoonyesha migandamizo. Muuzaji anayekataa kukuonyesha mgongo wa karatasi amekwisha kukujibu.

Kuhusu namba, mengi husemwa na machache yana maana. Chini ya picha, kwa penseli, utakuta kwa kawaida namba upande wa kushoto, jina la kazi katikati, na saini upande wa kulia. Ikiwa imeandikwa 7/20, maana yake ni kwamba hiyo ni karatasi ya saba katika jumla ya ishirini, na msanii ameahidi hatachapa ishirini na moja. Penseli hupendelewa kwa sababu huacha mkwaruzo katika karatasi na mashine haiwezi kuuiga. Baadhi ya karatasi badala ya namba huwa na herufi A/P, nazo ni zile chache ambazo msanii hujiwekea mwenyewe. Kuna dhana kwamba namba 1/20 ni bora kuliko 20/20, nami niliwahi kuiamini kiasi cha kungoja miezi mitatu nikitafuta namba ndogo, wakati ukweli ni kwamba karatasi mara nyingi hupewa namba baada ya zote kukauka na kupangwa. Linalobadilisha bei ni jumla: ishirini ni adimu kuliko mia. Toleo, yaani jumla hiyo ya karatasi, likikaribia kwisha, wasanii wengi hupandisha bei ya karatasi zilizobaki, na ni haki yao.

Nunua kwa msanii mwenyewe au kwa jumba la sanaa linalokupa risiti yenye jina la kazi, mwaka, namba na vipimo. Usione haya kuuliza kama unaweza kulipa kidogo kidogo. Chapa yangu ya pili, ya mchongaji kijana ambaye studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya wino na mafuta ya taa, niliilipa kwa M-Pesa kwa awamu tatu, naye akaniwekea karatasi kati ya mbao mbili hadi nilipomaliza. Lakini usimwombe apunguze bei kwa hoja kwamba "ni karatasi tu". Nimesikia maneno hayo yakisemwa mbele ya mtu aliyeinamia ubao wiki tatu, na sikujua niangalie wapi.

Kosa langu kubwa zaidi halikuwa katika kununua bali katika fremu. Nilimpelekea chapa hiyo ya pili fundi wa mtaani ambaye alifanya kazi safi kwa macho: aliibandika karatasi nzima kwa gundi juu ya kadibodi ya boksi, akaikaza pembe kwa selotepu, akalaza kioo moja kwa moja juu ya wino. Baada ya misimu miwili ya mvua, madoa ya rangi ya chai yalianza kuingia kutoka pembeni, na mahali pamoja wino ulikuwa umeshikana na kioo. Simlaumu, kwa kuwa hivyo ndivyo tunavyotengeneza picha za harusi, na mimi sikumwambia lolote. Asidi iliyo katika kadibodi ya kawaida huhamia katika karatasi na kuichoma polepole, na gundi hiyo haibanduki. Siku hizi naenda na maagizo yangu. Kadibodi ya nyuma iwe isiyo na asidi. Mbele kuwe na kadibodi nyingine iliyokatwa dirisha, ili karatasi isiguse kioo. Na chapa ishikiliwe juu tu kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba vilivyopakwa gundi ya wanga, ili iweze kutanuka na kusinyaa. Pambizo zisikatwe kamwe, hata kama fremu uliyonayo ni ndogo, maana namba na saini ziko hapo.

Mwanga wa jua hufuta rangi, na huwa ni nyekundu na manjano zinazotangulia kufifia, yaani rangi zilezile ambazo bila hizo matatu si matatu. Tundika ukutani ambako jua halifiki asubuhi wala jioni, mbali na jiko na bafu. Nairobi ina unyevu wa kutosha mwezi wa Julai kuotesha ukungu nyuma ya fremu iliyobanwa kwenye ukuta wa nje, kwa hiyo mimi hubandika vipande vidogo vya kizibo nyuma ya pembe za chini ili hewa ipite. Walioko Mombasa au Dar es Salaam wazidishe uangalifu huo mara mbili, na wafungue fremu angalau mara moja kwa mwaka kuangalia wadudu wanaokula wanga.

Baada ya miaka hii ninazo chapa tisa, zote za barabara za Nairobi, na sidhani nitafika ishirini. Nilikataa kununua chapa nzuri ya twiga kwa sababu isingekuwa na la kuzungumza na nyingine. Nyuma ya kila fremu nimebandika bahasha yenye risiti pamoja na karatasi niliyoandika kwa mkono: njia ya gari lililochorwa, kituo nilichokuwa nikishukia wakati huo, na nauli ya siku niliyoinunua. Nauli ya bahasha ya kwanza humfanya binti yangu acheke kila anapoisoma.