Laktati imepanda? Tuanze na figo

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kuhusu dawa na asidi ya laktiki, yaani asidi ambayo seli hutoa zikitengeneza nguvu bila oksijeni ya kutosha; kwenye damu hupimwa kama laktati. Zisizotaja dawa yoyote nimeziweka kando. Siwezi kubashiri.

*Natumia metformini ya kisukari, 500 mg asubuhi na jioni. Jirani anasema inajaza asidi kwenye damu. Niache? (Morogoro)*

Usiache. Jirani amesikia nusu ya habari. Iliyokuwa na balaa hilo ni fenformini, dawa ya ukoo uleule, iliyoondolewa sokoni nchi nyingi miaka ya 1970. Kwa mwenye figo nzima, metformini kufikisha mtu huko ni nadra sana.

Ila metformini hutoka mwilini kwa mkojo tu. Figo zikidhoofika hujilimbikiza, na ini hushindwa kuondoa laktati inayozalishwa. Kwa hiyo niambie: kreatinini yako, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, ilipimwa lini? Uwezo wa figo kuchuja ukishuka chini ya mililita 30 kwa dakika, dawa hii inaachwa. Kati ya 30 na 45, dozi hupunguzwa. Hapa dirishani kwenye duka langu la dawa watu huniletea boksi tupu, kona zimelegea kwa kukaa mfukoni, wanataka "kama hizi". Cheti hakuna, figo hazijapimwa miaka, na wakikataliwa huvuka barabara kununua duka la pili. Wauzaji wenzangu, aibu hiyo ni yetu pia.

Ukiharisha au kutapika hadi maji hayakai tumboni, isimamishe kwanza na uwasiliane na kliniki. Na gongo uiache, hata kama hukuniuliza.

*Nipo kwenye TLD, kidonge cha ARV cha VVU, sasa nimekutwa na sukari. Daktari wa sukari sijamwambia kuhusu ARV. Kuna shida? (Mombasa)*

Ipo, dada yangu, na si ndogo. Dolutegraviri iliyomo kwenye TLD hupandisha kiwango cha metformini kwenye damu, ndiyo maana dozi ya metformini kwa kawaida huwekewa kikomo cha 1000 mg kwa siku. Tenofoviri iliyomo humohumo nayo, kwa baadhi ya watu, hugusa figo. Daktari asiyejua atakuandikia 2000 mg kwa nia njema kabisa. Naijua midomo ya watu na benchi la kliniki lenye majirani. Basi mwambie mkiwa wawili chumbani, au mwonyeshe kadi bila kusema neno.

*Ni kweli ARV za zamani ziliua watu kwa asidi hii? (Kisumu)*

Kweli. Stavudini ndiyo iliyoongoza. Iliharibu mitokondria, sehemu za seli zinazotengeneza nguvu. Mtu alianza na uchovu, kichefuchefu, tumbo kuuma, kukonda, halafu kuhema kama aliyetoka kukimbia. Wanawake wanene walikuwa hatarini zaidi. Mwaka 2009 WHO ilizitaka nchi ziiache hatua kwa hatua. TLD haina stavudini, kwa hiyo anayetumia historia hii kumwachisha mtu dawa leo anamuua.

*Mtindi unapandisha laktati ya damu? (Dodoma)*

Hapana. Kunywa.

*Kipimo cha laktati kimetoka 3.1 na sijisikii vibaya. (Arusha)*

Kawaida ni chini ya 2 mmol/L. Lakini ulikunja ngumi, mpira umekaza mkono muda mrefu? Chupa ilikaa mezani kabla ya kupelekwa maabara? Yote hayo hupandisha namba. Rudia, safari hii bila mpira, kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu, ipelekwe ikiwa kwenye barafu. Kama umetoka kuvuta salbutamoli nyingi kwa ajili ya pumu, sema, maana nayo huipandisha.

*Natibiwa TB sugu kwa linezolidi. Nichunge nini? (Mwanza)*

Laktati, ndiyo, pamoja na damu kupungua na miguu kufa ganzi. Macho yakianza kuona ukungu usingoje tarehe ya kliniki.

*Limau au magadi vinaondoa asidi hii? (wengi mno)*

Nimeshajibu, na bado mnauliza. Haviondoi. Mtu aliye kwenye dawa hizi akianza kutapika, kuishiwa nguvu na kuhema haraka, apelekwe hospitali usiku huohuo, na pakiti zote za dawa zake ziwe kwenye mfuko, za mitishamba zikiwemo.