Vyuma Ukubwani: Punguza Siku Kwanza

SWALI: Nina miaka 56, kilo 75, naishi Makorora, Tanga. Ujanani nilibeba vyuma sana. Nimerudi jimu miezi mitatu sasa, siku tano kwa wiki, sambamba na vijana. Mwezi wa kwanza nguvu zilipanda. Sasa zinashuka: kilo 60 za benchi (kulala chali na kusukuma chuma juu) zilizokuwa nyepesi zinanishinda, bega la kulia linauma nikivaa shati, na usingizi unakatika saa tisa usiku. Kila nikitoka mazoezini nameza diklofenaki, ile dawa ya maumivu. Wenzangu wa barazani wanasema umri umekwenda, niache. Niache?

JIBU: Usiache, mzee wetu. Msuli usiofanyishwa kazi huanza kupungua tangu miaka ya thelathini, na baada ya 60 hupungua kwa kasi zaidi, kwa hiyo kuacha ndiko kutakakokuzeesha. Ulichokosea ni hesabu ya mapumziko.

Chuma chenyewe hakijengi msuli. Kinauchosha tu, nao hujijenga baadaye, ukiwa umelala na umeshiba. Kijana akibeba Jumatatu, Jumatano yuko tayari. Kwa umri wako mara nyingi ni saa 48 hadi 72. Wewe unarudi kesho yake, unabomoa kabla fundi hajamaliza kujenga. Halafu kuna kano, zile kamba zinazoshikisha msuli kwenye mfupa. Damu yake ni kidogo, hivyo msuli unapata nguvu kwa wiki, kano zinataka miezi. Ndiyo maana mwezi wa kwanza ulifurahi na wa tatu bega likalia.

Wiki hii fanya nusu ya seti zako (seti ni mzunguko mmoja wa zoezi kabla ya kupumzika) kwa nusu ya uzito, na benchi iache kabisa. Kuanzia wiki ijayo, Jumatatu na Alhamisi tu, mwili mzima katika kila moja ya siku hizo mbili: kuchuchumaa na uzito, kunyanyua kutoka chini, kuvuta kuelekea kifuani, kusukuma, na kutembea na ndoo mbili zenye uzito sawa. Kila zoezi seti 2 au 3, mara 8 hadi 12, na uweke chuma chini ungali na uwezo wa kurudia mara mbili. Toa pumzi unaposukuma, kwani kuibana kunapandisha presha ghafla. Badala ya benchi, piga pushapu mikono ikiwa juu ya ukuta mfupi wa baraza, viwiko vikielekea nyuma kidogo, visitanuke kama mbawa. Ukifika 12 katika seti zote bila maumivu, ndipo uongeze kilo 2.5.

Jifunze kutofautisha maumivu. Msuli unaouma siku ya pili, pande zote mbili, kisha ukafifia, hauna neno. Maumivu ya upande mmoja, mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole, yanayochoma unapopitisha mkono kwenye shati, hayo mara nyingi ni ya kano au kiungo. Yasipopungua ndani ya wiki tatu, au ukishindwa kuinua mkono, bega likapimwe. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi baada ya mazoezi makali, usisubiri hata kesho: nenda hospitali.

Diklofenaki tunakuomba uiache mpaka uzungumze na daktari. Ikimezwa mara kwa mara huumiza tumbo na figo na kupandisha presha, na kwa joto la Tanga, umetoka jasho na hujanywa maji, figo zinaelemewa zaidi. Isitoshe inakuficha bega linapolia, nawe unaendelea kulibebesha.

Chakula: msuli wa mtu mzima unataka protini nyingi zaidi kwa mlo mmoja kuliko wa kijana. Lenga gramu 25 hadi 30 kila mlo, jumla 75 hadi 90 kwa siku, isipokuwa daktari amekuzuia kwa ajili ya figo. Chai na mkate havikufikishi. Mayai mawili ni gramu 12 hivi, ongeza bakuli la maharage, umefika. Mchana, kipande cha jodari cha ukubwa wa kiganja kinatosha. Na kahawa ya barazani inywe kabla ya alasiri. Ukiinywa baada ya magharibi, saa tano baadaye karibu nusu ya nguvu yake bado imo damuni, nayo huenda ni sehemu ya sababu ya huo usingizi unaokatika.

SWALI: Nina miaka 67, niko Pongwe. Nikikaa kwenye kigoda siinuki bila kushika ukuta. Vyuma si vya wanaume?

JIBU: Ni vya kila mwenye misuli, mama, na wewe utaanza na kiti tu. Kiegemeze ukutani kisiteleze. Kaa mbele ya kiti, mikono kifuani, inuka kwa hesabu ya 2, kaa kwa hesabu ya 4. Usijitupe, kwa maana ule ushukaji wa taratibu ndio unaojenga mapaja. Mara 5, pumzika dakika mbili, rudia, kisha ruka siku moja. Ukishindwa, weka khanga zilizokunjwa juu ya kiti ili kiwe kirefu zaidi. Ukifika mara 10, toa khanga moja moja, kisha tafuta kiti kifupi, hadi urudi kwenye kigoda. Hapo ndipo ushike dumu la lita 5 kifuani. Ukisikia kizunguzungu unapoinuka, na hasa kama unatumia dawa za presha, acha kwanza ukapimwe.