Maswali yenu kuhusu Burundi, kuanzia Rwagasore mpaka Kagunga

Niliandika kidogo kuhusu majirani zetu Warundi na maswali yakamiminika, mengi ya kweli kabisa, ila kuna mmoja kaandika "hao wamezoea kuuana tu, ni makabila" na hilo ndo limenifanya nijibu kwa urefu maana sikubaliani nalo hata kidogo. Mhutu na Mtutsi wa Burundi wanaongea Kirundi kilekile, wanakaa kilima kimoja, wanasali pamoja. Kilichowafikisha huko kina majina na tarehe. Haya tuanze.

Burundi na Rwanda si zilikuwa nchi moja? (Morogoro)

Hapana. Zilikuwa falme mbili, kila moja na Mwami wake, Mjerumani akaziweka kwenye koloni moja na Tanganyika, Mbelgiji alivyoingia 1916 akazitawala kwa pamoja kama Ruanda-Urundi, makao makuu Usumbura ambayo ndo Bujumbura ya leo. Tarehe 1 Julai 1962 kila moja ikapata uhuru wake siku ileile, Rwanda ikiwa imeshakuwa jamhuri na Burundi bado ina mfalme.

Huyu Rwagasore mbona Warundi wanamtaja kama sisi tunavyomtaja Mwalimu? (Tabora)

Kwa sababu wanaona ndo nafasi iliyopotea. Louis Rwagasore alikuwa mtoto wa Mwami Mwambutsa IV, kasoma Ubelgiji, akarudi akaingia siasa na chama cha UPRONA, na badala ya kukaa ikulu akaanza na ushirika wa wakulima na wafanyabiashara, Waswahili wa Buyenzi pale Usumbura wakawa watu wake wa karibu sana. Na Nyerere walikuwa marafiki. Wabelgiji hawakumpenda, mwaka 1960 wakamuweka kizuizini, maana alikuwa anataka uhuru haraka. Tena alikataa kabisa siasa za Mhutu na Mtutsi, mwenyewe ni mganwa yaani wa ukoo wa kifalme, kaoa mke Mhutu, na chamani kwake walikuwemo wote.

Septemba 1961 UPRONA ikashinda viti 58 kati ya 64, jamaa akawa waziri mkuu. Tarehe 13 Oktoba yuko Hotel Tanganyika mezani na mawaziri wake wanakula chakula cha usiku, risasi ikatoka gizani nje ikammaliza, ana miaka 29. Aliyefyatua ni Mgiriki anaitwa Jean Kageorgis na nyuma yake walikuwepo wakubwa wa chama cha PDC, waganwa wa ukoo mwingine uliokuwa unashindana na wa baba yake Rwagasore. Kageorgis aliuawa kwa hukumu ya mahakama 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru, wenzake wakanyongwa Gitega Januari 1963. Warundi wengi mpaka leo wanaamini mkono wa Wabelgiji ulikuwemo. Angalia sasa, huyo aliuawa na ushindani wa wakubwa na ukoo, sio Mhutu dhidi ya Mtutsi, ila baada ya yeye kuondoka UPRONA ikakosa mtu wa kuishika pamoja ikaanza kupasuka kwa Uhutu na Ututsi. Januari 1965 waziri mkuu mwingine, Pierre Ngendandumwe, naye akapigwa risasi.

Mfalme wao alienda wapi? (Mwanza)

Mwambutsa alikimbia baada ya jaribio la mapinduzi Oktoba 1965, akaishia Uswisi akafia huko 1977. Mtoto wake Ntare V akachukua kiti 1966 akiwa kijana mdogo, hakumaliza mwaka, Novemba hiyohiyo kaenda Kinshasa kwenye sherehe za Mobutu huku nyuma waziri mkuu wake Kapteni Michel Micombero, miaka 26, akatangaza jamhuri. Ntare alirudi Machi 1972 akitokea Uganda kwa Idi Amin, akawekwa chini ya ulinzi Gitega, akauawa mwezi uliofuata.

Wale watu wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikuja lini na walikimbia nini hasa? (Mpanda)

Hao ni Warundi wa yale makazi ya wakimbizi ya magharibi mwa Tanzania, walikimbia 1972, na hapa naomba msome taratibu.

Tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu walivamia kusini, maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua Watutsi wengi. Hilo lilitokea na halifichiki. Ila kilichofuata kutoka kwa serikali ya Micombero hakikuwa kuzima uasi, jeshi na vijana wa chama walipita na majina, mwalimu, muuguzi, karani, askari, mfanyabiashara, mwanafunzi wa chuo anaitwa nje ya darasa na harudi, yaani Mhutu yeyote aliyesoma. Makadirio ya waliokufa yanaanzia laki moja mpaka laki tatu, ndani ya miezi michache. Warundi wanaita Ikiza, yaani janga. Mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi mkoa wa Karusi, karibu na mto Ruvubu, ikatoa mabaki ya watu zaidi ya 6,000, na baadhi walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari walizouawa nazo. Miwani jamani. Baada ya hapo wazazi wengi wa Kihutu wakaogopa kupeleka watoto shule kwa sababu shule ndo ilikuwa imewaua wakubwa zao.

Waliovuka kuja kwetu ni kama 150,000, wakapewa ardhi, wakafyeka msitu wakalima mahindi na tumbaku. Mwaka 1973 jeshi la Burundi likashambulia vijiji vya mpakani upande wetu, wafanyakazi wa bandari wakagoma kushughulikia mizigo ya Burundi, na kwa nchi isiyo na bahari ambayo mzigo wake unapita Dar na Kigoma hicho kipigo sio kidogo. Mwaka 2014 serikali yetu ikawapa uraia kama 162,000 wao na watoto wao. Kwa hiyo ukimuita mtu wa Mishamo mkimbizi leo unamkosea, ni Mtanzania mwenzio.

Ni kweli marais watatu walitoka kijiji kimoja? (Arusha)

Tarafa moja, Rutovu, mkoa wa Bururi. Micombero 1966, Jean-Baptiste Bagaza akampindua Novemba 1976, Pierre Buyoya akampindua Bagaza Septemba 1987, Bagaza mwenyewe akiwa Kanada kwenye mkutano. Miaka 27! Wote watatu ni Watutsi, ila anayesema "Watutsi walitawala" ajiulize Mtutsi mkulima wa Muyinga au Kirundo alipata nini hapo. Ilikuwa ni kundi dogo la maofisa wa eneo moja lililoshika jeshi, na aliyeshika jeshi ndo anashika shule za maana, kazi za serikali na pesa ya kahawa. Bagaza alijenga barabara na umeme, hilo nampa, ila aligombana na Kanisa Katoliki mpaka akafukuza wamisionari.

Ndadaye aliuawa kwa nini wakati alichaguliwa kihalali? (Kibondo)

Kwa sababu hiyohiyo ya jeshi. Melchior Ndadaye, Mhutu wa chama cha FRODEBU, aliyekuwa kakimbilia Rwanda 1972 akiwa mwanafunzi, alimshinda Buyoya 1 Juni 1993 kwa kama asilimia 65, na Buyoya akakubali matokeo, akaondoka. Ndadaye aliapa 10 Julai akamteua mwanamke Mtutsi, Sylvie Kinigi, kuwa waziri mkuu. Ila kambini waliona vyeo vyao vinaenda. Usiku wa kuamkia 21 Oktoba wanajeshi wakaivamia ikulu, wakampeleka kambini wakamuua, na spika wake pia, ili asibaki wa kumrithi kikatiba. Vilimani Wahutu wakawageukia majirani zao Watutsi, Kibimba wanafunzi wakachomwa moto wakiwa hai, jeshi likalipiza, vita ikaenda zaidi ya miaka kumi na watu kama laki tatu wakafa. Mrithi wake Cyprien Ntaryamira alikufa 6 Aprili 1994 kwenye ile ndege ya Habyarimana, rais wa Rwanda, wakitokea kikao Dar.

Arusha ilisaidia nini zaidi ya posho za wajumbe? (Dar)

Ilisaidia sana ndugu yangu. Mwalimu alisimamia mazungumzo ya amani ya Burundi mpaka alipofariki Oktoba 1999, Mandela akapokea, wakasaini 28 Agosti 2000. Kitu kikubwa ni jeshi, nusu Wahutu nusu Watutsi, na katiba ya 2005 iliyofuata ikaweka bungeni asilimia 60 Wahutu kwa 40 Watutsi, na Watwa, lile kundi dogo la tatu, wakapewa viti vyao. CNDD-FDD, kundi kubwa la waasi wa Kihutu, hawakuwemo, waliingia 2003. Mtu akikwambia mgao wa kikabila ni ujinga muulize angewezaje kumshawishi Mtutsi alale usingizi baada ya 1993, au Mhutu baada ya 1972.

Sasa 2015 iliharibika wapi? (Kigoma)

Pierre Nkurunziza alitaka muhula wa tatu wakati Arusha ilisema miwili. Inaniuma kwa sababu baba yake, mbunge, aliuawa kwenye hiyohiyo 1972. Mei 13 yuko kikaoni Dar jenerali mmoja akatangaza mapinduzi, yakashindwa, watu wakakimbia. Nyinyi wa Kigoma mliona wenyewe Kagunga, kijiji kiko kati ya mlima na ziwa, barabara hakuna, maelfu kwa maelfu wamekaa ufukweni, kipindupindu kikaingia, na MV Liemba meli ya Mjerumani ikawa inawabeba kwa awamu mpaka Kigoma mjini ndo wapelekwe kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nkurunziza alifariki Juni 2020, Évariste Ndayishimiye yuko madarakani tangu mwezi huohuo.

Mji mkuu ni Bujumbura au Gitega? (Moshi)

Gitega, tangu 2019, kisiasa. Biashara na bandari viko Bujumbura, na ukifika Buyenzi utaongea Kiswahili bila shida yoyote.