Saa Sita Zilizonipotea Sinza

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Wikendi usiyolala ilikupa nini, na ilikunyima nini?" Jibu langu limekuwa refu kidogo, kwa sababu wikendi ninayoikusudia ilinipa na kuninyima kwa mkono mmoja, na siwezi kueleza upande mmoja bila kuugusa mwingine.

Mimi huandika programu za kompyuta kwa kujitegemea hapa Dar es Salaam. Sina mwajiri, nina wateja, na tofauti yao ni kwamba mwajiri hulipa mwisho wa mwezi hata kama ulisinzia mezani. Mteja wa wikendi ile alikuwa mzee mmoja mwenye baa na jiko la nyama choma huko Sinza, ambaye alikuwa na mfumo wa mauzo ulioachwa na fundi mwingine. Malalamiko yake yalikuwa mafupi: mauzo ya Jumamosi kwenye kompyuta hayakuwahi kulingana na daftari la keshia, na alikuwa ameanza kumtazama keshia kwa jicho baya. Tulipatana shilingi 600,000, nusu nikaipokea Ijumaa mchana, na nusu ningelipwa kazi ikikamilika kabla ya Jumatatu asubuhi.

Ijumaa ile nilikuwa nimeamka saa kumi na moja alfajiri kwa kazi nyingine. Saa moja jioni nikanunua umeme wa LUKU, nikaunga bando, nikatuma kijana aniletee chipsi mayai, nikakaa. Tatizo nililitambua, au nilidhani nimelitambua, ndani ya dakika kumi. Seva nyingi hutunza wakati kwa saa za kimataifa za UTC, ambazo Tanzania imezitangulia kwa saa 3. Ndiyo maana hata hesabu ya sekunde inayotumiwa na kompyuta nyingi, inayoanzia usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa hizo, kwetu inaanzia saa tisa usiku. Mtu anayesahau saa hizo tatu huona mauzo ya usiku yakiandikwa kwenye siku iliyopita. Nilikwisha kukutana na kosa hilo mara nyingi, kwa hiyo sikulitafuta. Nililisalimia kama jirani.

Hapo ndipo usingizi ulipoanza kudai haki yake. Mwaka 1997 Dawson na Reid, watafiti wa Australia, walionyesha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hupungukiwa wepesi kiasi kile cha mtu mwenye asilimia 0.05 ya kilevi katika damu. Sikuwa nimeonja hata bia, lakini kwa hesabu yao ilipofika saa nne usiku nilikuwa nimeshalewa, na nikaendelea kuandika hadi karibu kunapambazuka. Fundi aliyenitangulia alikuwa mtu makini: alikuwa akitunza wakati kwa saa za hapa hapa Dar es Salaam, na alikuwa ameandika hivyo kwenye mstari ambao macho yangu yaliuruka. Mimi nikaongeza saa tatu katika swali linalovuta mauzo kutoka kwenye hifadhidata. Baadaye, saa tisa usiku, nikiwa nimesahau kwamba nimeshaongeza, nikaongeza saa tatu nyingine katika ukurasa wenyewe wa ripoti. Bahati yangu ni kwamba data zenyewe sikuzigusa.

Asubuhi nilimpigia keshia nikamwomba afungue ukurasa na kuniambia kama saa zimekaa vizuri. Alisoma moja moja kwa sauti, kisha akasema, "Ziko sawa kabisa, kaka. Tena leo ndiyo zimenyooka, zamani zilikuwa zinanichanganya." Nilifurahi, na kwa furaha hiyo nikashindwa kulala, nikashika kazi ndogo ya mteja mwingine hadi jua likazama.

Jumamosi usiku nilikwenda Sinza na rafiki zangu wawili, kwa kuwa mzee alikuwa ameahidi kutulisha. Tuliketi karibu na kaunta. Bendi ilikuwa inapiga nyimbo za zamani, na mezani kwetu ukazuka ubishi usiokwisha kati ya Msondo na Sikinde, rafiki yangu mmoja akishikilia kwamba Msondo, iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ndiyo mama wa zote, na mwenzake akimjibu kwamba mama huheshimiwa lakini hapigi gitaa kama Sikinde, yaani Mlimani Park ya mwaka 1978. Mimi nilikuwa nimechoka kiasi cha kukubaliana na wote wawili. Nyama ikaja: mbavu za mbuzi zilizokatwakatwa juu ya ubao, ndizi za kuchoma, kachumbari yenye pilipili iliyonifumbua macho kwa dakika tano hivi, na chumvi ndani ya kifuniko cha chupa.

Keshia alipoingiza oda yetu nilinyoosha shingo kuitazama skrini, kama fundi anavyotazama ukuta alioujenga mwenyewe. Iliandika 04:10. Nikatazama simu yangu: 22:10.

"Dada, hiyo saa umeiona?"

"Nimeiona. Si saa nne na dakika kumi?"

Ilikuwa saa nne na dakika kumi kweli. Kosa langu lilikuwa la saa sita kamili, na saa sita ndiyo tofauti iliyopo kati ya saa ya kizungu iliyo kwenye kompyuta na saa ya Kiswahili iliyo mdomoni mwetu, kwa hiyo mtu pekee niliyempa kazi ya kunikagua ndiye hasa ambaye asingeweza kuliona. Nilicheka hadi mhudumu akaniletea maji. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilikumbuka tarehe: kila kilichouzwa kuanzia saa kumi na mbili jioni kilikuwa kimehamia siku ya pili, na kwa baa hiyo ni karibu siku nzima ya biashara. Mzee angeifungua ripoti Jumatatu na kukuta mauzo ya Ijumaa yake yameketi kwenye Jumamosi.

Nisingeondoka nyumbani, nisingeliona kosa hilo, na wala nisingejua kiini cha kazi yenyewe. Ilipotimu saa sita usiku, saa ya kompyuta yenyewe ikabadilisha tarehe. Keshia hakubadilisha kitu. Daftari lake lilikuwa na kichwa cha habari "Jumamosi", na aliendelea kuandika chini yake mpaka bia ya mwisho ilipolipiwa. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama ninayemtania: "Watu hawa wameingia Jumamosi. Kesho ni kesho wakishalala." Magazeti yetu huandika "usiku wa kuamkia Jumapili", na wazee wa pwani husogea mbali zaidi kwa kuanzisha siku mpya magharibi, hakuna kati yao, wala keshia, anayeikata siku usiku wa manane. Daftari halikuwa na wizi wowote. Mfumo ulikuwa unafunga siku wakati wateja bado wanaagiza.

Nilirudi kwangu kwa bodaboda saa kumi alfajiri nikiwa nanuka moshi, nikafuta saa zangu sita za kujumlisha, na badala yake nikaagiza mfumo utoe saa sita kabla ya kuamua mauzo ni ya siku gani, ili siku ya baa ianze saa kumi na mbili asubuhi. Bia ya saa saba usiku ikarudi Jumamosi ilikonywewa. Nililinganisha na daftari Jumamosi nne za nyuma, na zote zilikubali. Hiyo ndiyo furaha niliyopewa, na sijui kama ingekuwa kubwa vile kwa mtu aliyelala.

Nilichonyimwa nilikijua Jumatatu. Jumapili saa tisa alasiri nilihudhuria kikao cha harusi ya binamu yangu huko Kimara, nikaketi nyuma karibu na feni, na ninachokikumbuka ni katibu akisoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Jumatatu mchana mzee alinitumia 300,000 zilizobaki na kuniarifu kwamba amemwomba keshia radhi. Dakika chache baadaye mweka hazina wa kamati akarusha kwenye kundi la WhatsApp orodha ya ahadi za michango, jina langu likiwa la tatu kutoka juu: 300,000, kulipwa ndani ya wiki. Sikumbuki kuahidi. Nimewauliza wajumbe, na kila mmoja anasema nilisimama, nikatamka kwa sauti ya kusikika, na nikapigiwa makofi.