Dawa ya tezi na njaa isiyoisha: kabla hujalaumu tumbo, tazama saa ya kidonge

Malalamiko mawili husikika sana kwa watu wanaomeza dawa ya tezi ya shingo hapa Mombasa. Mmoja husema, "Tangu nianze vidonge hivi nala kama sijala." Mwingine husema chakula hakimshuki, tumbo limemjaa tangu asubuhi, na juu ya hayo mwili unazidi kunenepa. Mara nyingi wote wawili huishia mahali pamoja: wanakata kidonge nusu, au wanaacha wiki nzima "kupumzisha mwili", bila kumwambia daktari. Hapo ndipo shida huanza. Njaa ya mgonjwa wa tezi ina habari ndani yake, na habari hiyo husomeka ukijua pa kutazama.

Kwanza ujue unameza nini. Tezi iliyolegea, inayotoa homoni kidogo, hutibiwa kwa levothairoksini, ambayo ni homoni ya tezi iliyotengenezwa kiwandani. Tezi iliyozidisha kazi hutibiwa kwa kabimazoli, inayoizuia isitengeneze homoni nyingi, na miezi ya mwanzo mara nyingi huongezwa propranololi ya kutuliza moyo (mwenye pumu amwambie daktari mapema, kwani propranololi haimfai). Levothairoksini na kabimazoli hupeleka hamu ya kula pande tofauti, kwa hiyo ushauri wa jirani mwenye tezi huenda usikufae hata kidogo. Soma jina kwenye pakiti kabla ya kufuata la mtu.

Njaa yenye mapigo na njaa ya mezani

Levothairoksini ya kiwango sawasawa haileti ulafi. Hurudisha hamu ya kula ilipokuwa kabla ya ugonjwa, basi. Dozi ikizidi ndipo njaa huja na wenzake: moyo kwenda mbio, jasho, usingizi kukatika, choo laini mara tatu nne kwa siku, na uzito kushuka ilhali sahani haipungui.

Kuna vipimo viwili vya nyumbani vya kukupa mwanga. Asubuhi ukiamka, kabla ya chai, keti utulie dakika 5. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kiganja, upande wa dole gumba, uhesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Ukipata zaidi ya 100 siku kadhaa mfululizo, au mapigo yanarukaruka bila mpango, nenda kwa daktari. Maumivu ya kifua au pumzi kukata hayangoji miadi; hayo ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Kipimo cha pili: nyosha mikono mbele, viganja chini, vidole vimeachana, mtu akuwekee karatasi nyepesi juu yake. Karatasi ikitetema, andika tarehe na umwonyeshe daktari.

Jasho peke yake lisikutishe. Kaskazi ikikolea, kuanzia Januari hadi Machi, Mombasa nzima inatota. Jasho la dozi iliyozidi hujulikana kwa kuwa huja hata feni ikiwa inazunguka na wenzako chumbani wamekauka, na mara nyingi huandamana na mikono kutetemeka.

Mapigo yakiwa sawa, vidole vimetulia na uzito haushuki, njaa hiyo yaelekea inatoka mezani. Mahamri manne na chai ya sukari saa moja asubuhi, ikifika saa nne tumbo linalia, uwe na tezi au usiwe nayo. Punguza mahamri yawe mawili, ongeza bakuli zima la mbaazi zilizopikwa kwa tui la pili, au mayai mawili. Mchana pojo, kunde au samaki viwepo kwenye sahani, wali ushike robo yake. Kwa ambaye tumbo limejaa na chakula hakimshuki, mara nyingi kizuizi ni choo kilichofunga, jambo la kawaida tezi ikiwa imelegea. Maji, mboga na papai kila siku, na kutembea jioni, hufungua choo, na hamu ya kula hufuata.

Muguka na miraa lazima zitajwe. Zinaua hamu ya kula, zinakimbiza moyo na kuondoa usingizi, dalili zilezile za dozi iliyozidi. Kisha zikitoka mwilini njaa inarudi kwa fujo. Mtu anayetafuna akaenda kliniki akanyamaza, daktari anaweza kumpunguzia dawa ambayo haikuwa na kosa. Sema ukweli wote. Daktari anataka kujua kinachokimbiza moyo, hayuko pale kukuhukumu.

Saa ya kidonge

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na ndipo mabadiliko madogo huleta nafuu kubwa. Levothairoksini hunyonywa vizuri tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya chochote kingine. Chai ya maziwa huizuia. Kahawa huizuia pia, hata kahawa chungu ya dele isiyo na tone la maziwa, na hili huwashangaza wengi. Siku unameza na maji, siku unameza na chai, siku unasahau mpaka saa nne: dawa inayoingia damuni haifanani, leo nyingi kesho kidogo, na daktari anapandisha dozi kwa sababu kipimo kinaonyesha haitoshi. Kisha unajirekebisha, unameza inavyotakiwa, na dozi ile kubwa inakuwa nyingi mno. Njaa na mapigo vinaanzia hapo.

Kwa anayeamka swala ya alfajiri, kidonge kishakuwa na saa yake. Weka gilasi ya maji na kidonge kimoja kando ya kitanda tangu usiku. Umeza kabla ya kwenda kutawadha. Ukimaliza kuswali, ukafagia na kubandika chai, saa nzima imepita. Asiyeamka alfajiri aweke kengele ya simu saa moja kabla ya chai, ameze, alale tena. Njia nyingine inayokubalika ni kumeza wakati wa kulala, angalau saa tatu baada ya mlo wa mwisho, lakini hiyo haimfai anayekula viazi karai saa nne usiku. Chagua njia moja, ushikamane nayo.

Vitu vinavyoshika dawa tumboni na kuizuia kuingia vipewe muda wa saa nne mbali nayo: vidonge vya kuongeza damu, kalsiamu, na vidonge vya kutafuna vya kiungulia. Omeprazoli nayo hupunguza asidi ambayo kidonge kinaihitaji, kwa hiyo ukianza kuimeza kila siku mjulishe daktari wa tezi.

Ukisahau, meza siku hiyo hiyo ukikumbuka, tumbo likiwa tupu. Usirundike viwili kesho yake bila kuelekezwa. Dawa hii hukaa sana mwilini, baada ya takriban siku 7 nusu yake bado ipo, hivyo siku moja haibomoi kitu. Kwa sababu hiyo hiyo, dozi ikibadilishwa leo njaa haitabadilika kesho. Subiri wiki 6 hadi 8, ndipo kipimo cha TSH, homoni ya kuisukuma tezi, kinasema kweli.

Ramadhani ina mpango wake. Futari ya pwani haina mlo mmoja: tende, uji, kaimati, viazi vya nazi, kisha wali baada ya tarawehe. Mwenye nidhamu ya kufunga mdomo baada ya hapo anaweza kumeza saa tatu baadaye, akilala. Asiyeweza, ameze anapoamka kwa daku, angoje walau nusu saa kabla ya kula, maana yake aamke mapema kidogo kuliko wenzake. Kumeza na daku lenyewe, katikati ya chai na mkate, ndiyo njia mbaya kuliko zote. Zungumza na daktari mwezi mmoja kabla, hasa kama una ugonjwa wa moyo pia.

Na kuhifadhi. Pakiti nyingi huandikwa zikae chini ya nyuzi 25, na Februari Mombasa hupita 30 mchana. Kabati la jikoni karibu na jiko halifai, bafuni hapafai, na ndani ya gari lililoegeshwa juani ndiyo usithubutu. Weka chumba cha kulala, kabati la chini, mbali na dirisha. Usivibandue vidonge vyote ukavitia kwenye kikopo. Unyevu wa pwani huviharibu, toa kimoja siku yake.

Kusoma kipimo na mizani

TSH huwachanganya wengi. Ni amri inayotoka kwenye ubongo kuisukuma tezi. Homoni ikiwa nyingi, ubongo hunyamaza, TSH inashuka. Kwa hiyo TSH ndogo kwa anayemeza levothairoksini maana yake dawa imezidi, na kubwa maana yake haitoshi. Maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida karibu 0.4 hadi 4.0, tazama safu ya pembeni ya karatasi yako. Siku ya kutolewa damu, beba kidonge mfukoni umeze baadaye. Kama unatumia vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, acha angalau siku 2 kabla, kwa sababu hupotosha majibu. Duka la dawa likikupa kampuni nyingine, pima tena baada ya wiki 6 hadi 8.

Dozi kamili ya levothairoksini kwa siku hukadiriwa mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, kiasi cha 100 kwa mtu wa kilo 60. Mzee au mwenye moyo dhaifu huanzishwa 12.5 au 25 na kupandishwa polepole. Usilinganishe na ya shoga yako.

Kuhusu uzito, tuseme wazi: unaoletwa na tezi iliyolegea mara nyingi ni kilo chache tu, na sehemu kubwa ni maji na chumvi. Ukipona, hizo hupungua. Zilizobaki zinahitaji sahani na miguu. Kuongeza vidonge ili upungue haraka hudhuru moyo na kulegeza mifupa, na misuli nayo huliwa. Nywele zikidondoka miezi ya mwanzo, mara nyingi hutulia zenyewe.

Muhogo na kabichi zilizopikwa hazina neno kwa anayetumia chumvi yenye aidini. Mwani unaolimwa kule Kibuyuni, Kwale, ni mali ya kujivunia, lakini mwani huwa na aidini ya viwango visivyotabirika, hivyo mgonjwa wa tezi asiunywe kila siku kama tiba.

Kwa wanaomeza kabimazoli

Kwenu ninyi njaa ilikuwa kali kabla ya dawa. Mlikula sana na mkakonda. Dawa ikishika, kwa kawaida wiki 4 hadi 8, mwili unapunguza matumizi ilhali mkono umezoea sahani ya zamani, na hapo kilo hupanda kwa kasi. Mapigo yakianza kushuka, punguza na sahani wiki hiyo hiyo. Usingoje nguo zibane. Kichefuchefu cha mwanzo hupungua ukimeza na chakula, maana kabimazoli haina masharti ya tumbo tupu. Ngozi ikiwasha, daktari ana dawa ya kutuliza.

Hili ndilo la kushika kuliko yote: kabimazoli, kwa wachache, huangusha chembe nyeupe za damu. Ukipata homa, koo kuuma au vidonda mdomoni, acha kidonge, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Homa Mombasa hupimwa malaria kwanza, na mgonjwa hurudi nyumbani na dawa. Sema mlangoni, "Natumia kabimazoli, naomba hemogramu kamili leo." Hemogramu ndiyo kipimo cha kuhesabu chembe za damu. Mwenzako nyumbani ayajue maneno hayo pia, kwa siku utakayokuwa huna nguvu ya kusema. Macho ya manjano na mkojo mweusi nayo ni ishara ya kuacha dawa na kwenda.

Mwanamke anayemeza kabimazoli na anataka mtoto aonane na daktari kabla ya kushika mimba, dawa ibadilishwe. Anayemeza levothairoksini asiache. Mimba huhitaji nyongeza, mara nyingi robo hadi theluthi moja ya dozi, kwa hiyo piga simu kliniki wiki ile ile unapojua. Na vidonge vya damu utakavyopewa kliniki ya wajawazito, vimeze baada ya chakula cha mchana, usivichanganye na kidonge cha alfajiri.